Kovu la Upande wa Pili

"Usiguse! Bado haijakauka!"

Hapo ndipo tulipomwacha Makopo wiki iliyopita: mkono uko hewani, turubai limeanguka miguuni pake, na juu ya ukuta wa lango la soko, uso aliouacha jana bila macho sasa unamtazama.

Makopo alishusha mkono taratibu. Akageuka.

Aliyepiga kelele alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, muuza sabuni. Alisimama na ndoo miguuni, mkono mmoja ameuficha nyuma.

"Umejuaje kwamba haijakauka?"

"Si inang'aa? Nimelala nyumba moja na wewe miaka yote hii, nisijue rangi mbichi?"

"Toa mkono."

"Upi?"

"Huo uliojificha kama umeiba."

Wifi akautoa. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na doa la kahawia. Kahawia ile ile ya mboni zilizokuwa ukutani.

Kama umeshika gazeti hili kwa mara ya kwanza, sogea karibu nikueleze.

Makopo hakufundishwa kuchora na mtu yeyote. Alikuwa akifua nguo za watu. Siku moja alifungua mlango wa uani akakuta kopo la rangi lenye masalia kidogo, akadhani mafundi wa jirani wamelitupa. Akapaka mlango wake. Wiki nyingine akakuta kopo jingine, rangi nyingine. Akachora ndege kwenye mlango ule ule. Hakuacha tena.

Kwenye kifuniko cha kopo lile la kwanza palikuwa na alama ndogo: kopo limeinama, tone linadondoka. Alidhani ni chapa ya kiwanda. Aliipenda, akaanza kuiweka chini ya kila kazi yake. Leo ukiingia sokoni, kinu cha unga kina kopo lililoinama, duka la viatu lina kopo lililoinama, mpaka choo cha wanaume.

Kuchora sura alijifunza kwa njia yake. Alikata kipande cha wavu wa dirisha, akakipigilia kwenye fremu ya mbao. Humketisha mtu mbele yake, akamtazama kupitia wavu, akahamisha uso ukutani tundu kwa tundu. Na kuanzia nyusi hadi mashavuni huwa anaacha patupu mpaka siku ya mwisho. Macho, kwake, hayachorwi kwa kukumbuka. Mwenyewe sharti awepo.

Sasa maneno yakaanza sokoni. "Yule mama hachori. Anachorewa." Hakuna aliyejua yalianzia wapi, lakini yalikwenda kila kibanda. Mwenyekiti wa soko akasema atakuja mwenyewe, asubuhi hii, soko likifunguliwa. Akiridhika kwamba ukuta wa lango ni mkono wa Makopo, kuta zote zilizobaki ni zake. Asiporidhika, kila kopo lililoinama litapigwa chokaa, na brashi yake haitaingia tena sokoni.

Na asubuhi hiyo hiyo, kuna mtu amemchorea macho.

Turudi kwa wifi na kidole chake.

"Ni wewe," Makopo alisema.

"Mimi? Mimi nikichora yai watu wanadhani kiazi."

"Basi eleza."

"Nimefika mapema kupanga sabuni zangu. Nikaona turubai limelegea upande mmoja. Nikachungulia, nikadhani umekuja kumalizia. Nikagusa kidogo tu kuona, nikaharibu hapo pembeni, unapaona? Nikafunika haraka. Mara nikamwona Stensili anakuja na simu mkononi apige picha. Nikammwagia maji ya sabuni."

Stensili ni mchoraji wa mabango. Hukata herufi kwenye bati, akapulizia rangi. Ukuta ule aliutaka yeye.

"Ulimmwagia maji?"

"Ndoo iliteleza."

"Na mimi ulikuwa unanificha nini?"

"Niliogopa utanidhania mimi."

"Nimekudhania wewe."

"Unaona? Akili ninazo."

Makopo alitaka kucheka, lakini akaitazama ndoo. Wifi huyu, mwenye ulimi mkali, ambaye hajawahi kusifu hata chumvi ya mchuzi wake, alikuwa amesimama pale tangu alfajiri akilinda turubai lake kwa ndoo.

"Asante, wifi."

"Asante baadaye. Soko linafunguliwa. Weka kopo lako hapo chini unyamaze. Macho ni mazuri. Umepewa macho bure, unataka na maelezo?"

Kweli yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomtia baridi Makopo. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka ambaye bado anakufungulia mlango. Aliyeyachora alimjua vizuri mwenye macho.

"Kuna mtu anataka nianguke," alisema. "Nikisema ni yangu, atajitokeza aseme ni yake. Nikisema si yangu, mwenyekiti ataniambia, 'Kumbe kweli unachorewa.' Huu ni mtego, wifi."

"Mtego mzuri namna hii?"

Kabla hajajibu, mkongojo uligonga sakafu ya saruji langoni. Alikuwa Bibi Mkunga mwenyewe, mwenye uso ule ukutani. Nusu ya wafanyabiashara wa soko hilo walipokelewa duniani na mikono yake, na nusu nyingine hudai hivyo ili awasalimie kwa majina ya utotoni.

Akasimama. Akainua kichwa. Mkongojo ukamponyoka.

"Jamani! Huyu ni mimi!" akasema. "Ni mimi hasa! Hata kovu langu, lile la teke, liko pale pale!"

Kovu hilo alilipata kwa mama mmoja aliyekuwa akijifungua mapacha. Lilikatiza nyusi moja, jeupe, refu kama ukucha. Bibi mwenyewe huliita nishani.

Makopo aliokota mkongojo, akampa. Alipoinuka akamtazama bibi. Akautazama ukuta. Akamtazama tena bibi.

"Bibi, hebu simama mgongo ukutani. Unitazame mimi."

Bibi akageuka, akatabasamu kama anayepigwa picha.

Kovu la bibi lilikuwa upande wa lango.

Kovu la ukutani, juu ya kichwa chake, lilikuwa upande wa maduka.

"Wifi, unaona?"

Wifi akaangalia, akapiga makofi kwa kicheko. "Limehamia ng'ambo! Na wewe bibi unasema liko pale pale!"

"Liko pale pale," bibi alishikilia. "Kila asubuhi nikinawa naliona pale."

"Unaliona kwenye kioo, bibi! Kioo kinageuza. Unajijua kwa kioo!"

Wifi alicheka mpaka akashika kiuno. Makopo hakucheka.

"Bibi," aliuliza polepole, "nywele zako unanyolewa wapi?"

"Swali gani hilo? Si kwa mumeo."

Makopo akageuza shingo. Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, kilikuwepo kibanda cha kinyozi kilichopakwa samawati. Alikipaka yeye. Ndani, kiti kimoja na kioo kimoja kikubwa.

Kinyozi husimama nyuma yako. Visogo huviona kwa macho yake, nyuso huziona kwenye kioo. Miaka yote aliyomnyoa Bibi Mkunga, akizungumza naye, akicheka naye, kovu lile alilitazama kwenye kioo. Angeulizwa liko upande gani, angeapa kwa lile la kiooni.

Mambo yakaanza kujipanga kichwani mwa Makopo, na kila moja lilikuwa na mwiba. Alfajiri aliamka akakuta upande wa mumewe kitandani umepoa. Chai yake ilikuwa imefunikwa sahani, kama kila siku, asije akaikuta na nzi. Mumewe alikuwa amesema anawahi kutia mashine mafuta. Shati lake lililotundikwa mlangoni lilinuka thina, ile ya kuyeyushia rangi. Lakini katika nyumba ya mchoraji, nani atashtushwa na harufu ya thina?

Kisha likaja wazo baya kuliko yote. Maneno ya soko hili huzaliwa wapi? Kwenye kiti cha kinyozi. "Hachori, anachorewa." Ni nani angeyasema akaaminika, kama si mwenye nyumba?

"Wifi, mbona umebadilika rangi?" muuza sabuni akamuuliza.

"Kaka yako anaweza kuchora?"

"Kaka yangu?" Wifi alijikuna kidogo. "Utotoni alikuwa anachora. Baba akamvunjia..." Akaiokota ndoo yake.

"Akamvunjia nini?"

"Mwenyekiti huyo anakuja."

Kweli alikuwa anakuja, na watu nyuma yake, na Stensili pembeni, shati limemganda mgongoni.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kusikia maneno. Alisimama mbele ya ukuta, akavua kofia.

"Bibi Mkunga," alisema, "umetutazama sote hivi siku tulipozaliwa."

"Wewe ulitoka umekunja uso hivyo hivyo," bibi akamjibu, na watu wakacheka.

"Haya, mama. Nimeridhika. Piga kopo lako hapo chini, tumalize maneno."

Stensili akakamua ncha ya shati lake.

Makopo alichovya brashi ndogo kwenye nyeusi. Akachuchumaa chini ya shavu la ukutani. Kidogo tu: mistari mitatu, tone moja, na soko zima ni lake.

Akatazama ng'ambo ya barabara. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mashine ya kunyolea mkononi. Macho yao yakakutana. Mume akainamisha kichwa kidogo, kama anayesema: weka tu.

Makopo akainuka.

"Macho haya si yangu."

Soko likalipuka. "Nilisema mimi!" Stensili akapaza sauti. "Nilisema anachorewa! Mbichi hayo, yametiwa leo!"

"Nyamaza wewe," wifi akamkatiza, "bado una povu sikioni."

Mwenyekiti aliinua mkono mpaka kelele zikafifia. "Mama, unajua unachosema?"

"Najua."

"Ni ya nani?"

Makopo alikuwa na hasira na mumewe, hasira ya kutosha kulitaja jina lake mbele ya watu wote. Lakini chai ile iliyofunikwa sahani ilimjia, akashindwa.

"Kwanza niyafute. Halafu niyachore tena mbele yenu. Bibi, utanikalia?"

"Nimesimama mbele ya wanawake wanaozaa usiku kucha. Kukaa ndiyo kazi?"

Wifi alileta kreti la sabuni, akatandika kanga yake juu yake ili bibi asichomwe na misumari. Makopo akalowesha kitambaa kwa thina. Aliyafuta macho yale kwa upole, kama mtu anayempangusa mgonjwa, na kila mtu aliona kwamba kuyafuta kunamuuma. Kahawia ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Kisha akainua fremu ya wavu. Akamtazama bibi. Akachora tundu la kwanza.

Watu walidhani watachoka. Hawakuchoka. Muuza viatu aliacha wateja. Mtu mmoja, sikujua ni nani, alimkinga Makopo na jua kwa boksi lililokunjuliwa, akabadilisha mkono ulipochoka, bila kusema neno. Nyusi ikatokea. Kope ikatokea. Kovu likakaa upande wake, upande wa lango. Mwisho mboni.

Hayakuwa macho yale ya alfajiri. Yale yalikuwa na huruma. Haya aliyomaliza yalikuwa na huruma na utundu pia, kwa sababu bibi, akiwa amekaa pale, hakuacha kumtania mwenyekiti hata mara moja.

"Mkono wako nimeuona," mwenyekiti alisema. Makopo akapumua.

"Lakini ngoja. Kuna mkono mwingine uliogusa ukuta wangu, na ni mkono mzuri. Wewe unaujua, nimekuona ulivyoangalia. Usiponiambia ni wa nani, na ulianza lini, nitaamini mlikuwa wawili tangu siku ya kwanza. Chokaa iko tayari kwenye ndoo, mama."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Stensili akaguna.

"Nipe muda wa kuvuka barabara," Makopo alisema.

"Vuka."

Ndani ya kibanda alikuwemo mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Shemeji, tupishe kidogo."

"Shemeji, nitokeje hivi? Watoto wa shule watanipigia kelele!"

"Simama kiubavu."

Mteja akatoka na taulo shingoni. Makopo akafunga mlango. Mumewe alikuwa amempa mgongo, anafuta mashine ambayo tayari ilikuwa safi.

"Geuka unitazame."

"Nakutazama."

"Unatazama kioo."

Akageuka. Chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na kahawia.

"Kwa nini?"

"Jana ulirudi unatetemeka. Usingizini ukasema, 'Macho sitayaweza.' Ulirudia rudia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikaona nikusaidie. Ukifika uyakute, ujue hayakushindikana. Nilidhani utayapaka juu, uweke yako. Sikujua mwenyekiti anakuja asubuhi. Ulisema mchana."

Ni kweli, alikuwa amesema mchana. Mwenyekiti ndiye aliyebadilisha saa. Moyo wa Makopo ulianza kulegea. Angeishia hapo, hadithi yetu ingeishia hapo pia, na watu wangekwenda kula.

Lakini alikuwa mchoraji, na mchoraji halali mpaka kitu kikae sawa.

"Mume wangu, macho yale si ya mtu aliyeshika brashi kwa mara ya kwanza."

Akaanza tena kuifuta mashine.

"Dada yako amesema baba yenu alikuvunjia kitu. Alivunja nini?"

"Brashi zangu. Mambo ya zamani."

"Na maneno ya kwamba nachorewa, yalianzia kwenye kiti hiki?"

"Hapana!" Alishtuka kweli, au alijua kushtuka. "Naapa, mke wangu, hapana. Mtu aliniuliza tu nani alikufundisha. Nikanyamaza. Labda... labda nilinyamaza vibaya."

"Kwa nini unyamaze? Si unajua hakuna aliyenifundisha?"

Macho yake yakaruka mara moja, kwa haraka, kuelekea kwenye kioo. Hakujitazama. Alitazama pembe ya chini.

Makopo akafuata macho hayo. Fremu ya kioo ilikuwa imejaa vumbi la nywele pande zote, isipokuwa pale chini, palipokuwa pamesuguliwa mpaka mbao inameta. Ndivyo inavyokuwa pale panaposhikwa kila mara.

"Ondoa kioo."

"Kitavunjika."

"Basi nitakiondoa mwenyewe."

"Mke wangu, nakuomba."

Alishakishika. Kilikuwa kizito, alikiinua, misumari ikakiachia bila ubishi, kama mlango uliozoea kufunguliwa. Akakiegemeza kwenye kiti. Akainua uso.

Ukutani, mahali palipokuwa na kioo, alikuwepo yeye.

Yeye, msichana. Amesuka nywele ndefu, zile alizozikata mwaka alioolewa, muda mrefu kabla ya kopo la kwanza kukutwa mlangoni. Anafua, kichwa kimeinama, tabasamu ambalo hakujua kama mtu aliwahi kuliona. Kidoti cha shavuni kilikuwa upande usio wake, kama anayeonekana kiooni. Rangi ilikuwa imepasuka pasuka kwa uzee.

Na chini kabisa, pembeni, mistari mitatu na tone moja. Kopo limeinama.

Haikuwa chapa ya kiwanda. Haikuwahi kuwa. Na makopo yale ya mlango wa uani, moja baada ya jingine, rangi moja baada ya nyingine, hayakuwa yametupwa na mafundi.

Nyuma yake mlango ukalia. Mwenyekiti alikuwa amechoka kungoja. Alisimama kizingitini, Stensili akichungulia begani pake, na mteja wa nusu kichwa akichungulia chini ya kwapa.

Mwenyekiti akautazama mchoro. Akaitazama alama. Alipozungumza alizungumza kwa upole, na upole huo uliuma kuliko ukali.

"Mama. Kopo hili ni la nani?"

Kinyozi akafungua kinywa kujibu.

Makopo akakiziba kwa kiganja chake, chenye rangi mbichi. Atakachojibu yeye, tutakisikia wiki ijayo.